Nimeokoka mara nne, bado naogopa Mungu ataniacha

Barua za wasomaji na majibu

Barua tatu za safari hii zimetoka kwa watu wasiojuana, mmoja Buhongwa, mmoja Nyegezi, mwingine anafanya kazi Mwanza mjini ila mtoto wake yuko ng'ambo ya pili ya maji, lakini nilipozisoma pamoja nikaona zinauliza kitu kimoja. Nimeamua nizijibu zote hapa na ile ya kwanza nitakaa nayo zaidi maana inauma.

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27 naomba usinitaje jina. Baba yangu alikuwa mvuvi anakaa kambini visiwani miezi, anarudi siku mbili tatu na hela na soda alafu anapotea tena. Mama alinipeleka kwa bibi nikiwa na miaka mitatu akaenda Dar kutafuta maisha, bibi akafariki nikahamia kwa mjomba Igoma, kisha kwa mama mdogo Magu, kisha kwa mjomba tena. Nimeokoka mara nne mama. Mkutano wa injili ukija viwanja vya Furahisha napita mbele nalia, wiki mbili tatu nakuwa na amani mpaka wenzangu wananishangaa, alafu siku moja tu naamka naona Mungu kaniacha. Mchungaji asiponijibu meseji najua Mungu kanichoka. Nikipitiwa na usingizi bila kuomba nashtuka saa nane usiku natubu natetemeka. Mtumishi mmoja akasema nina roho ya kukataliwa, nimeombewa sana, nimefunga siku saba, natoka hapo nimechoka na hofu iko pale pale. Je imani yangu ni ndogo au nina tatizo la kichwa? – Binti wa Buhongwa*

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma nikaiweka mezani nikaenda kupika, nikarudi nikaisoma tena. Nikupe jibu fupi kwanza usiendelee kukaa roho juu: imani yako sio ndogo wala kichwa chako hakina kasoro. Mwenye imani ndogo hapiti mbele mara nne. Wewe unatafuta kwa nguvu zako zote, shida ni kwamba moyo wako ulifundishwa mapema sana kwamba anayependwa huondoka, na kilichofundishwa mapema hivo hakifutiki kwa mkutano mmoja hata kama mkutano wenyewe ulikuwa wa kweli.

Ngoja nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka jana nilikaa Mwaloni pale Kirumba karibu asubuhi nzima nikisubiri dagaa wangu wapakiwe. Kulikuwa na mama mmoja anaanua dagaa anapepeta, na katoto kake ka kama mwaka mmoja na kidogo kanatambaa. Kanaenda mpaka kwenye rundo la nyavu, kanavuta boya, kanageuka kumwangalia mama, mama anainua kichwa anasema "eeh, nimekuona", kanaendelea. Kanafika mbali kidogo, likaja toroli la samaki kwa kishindo, katoto kakashtuka kakageuza mbio kwa magoti mpaka kwa mama, kakashika kanga, kakasimama hapo kamekunja uso kwenye goti la mama kama dakika moja hivi. Mama hakuacha kazi, alimwekea mkono tu mgongoni. Alafu bila kuambiwa kakaachia kanga kakarudi kwenye nyavu zake.

Mwanangu, saikolojia nzima ya kile wataalamu wanakiita atachimenti, yaani ule mshikamano wa mtoto na anayemlea, iko kwenye dakika hiyo moja. Mtoto anahitaji mtu wa kumkimbilia akiogopa, na kwa sababu ana wa kumkimbilia ndo maana anaweza kwenda mbali. Watu wengi wanadhani ukimbeba mtoto sana utamfanya mwoga, kumbe ni kinyume, aliye na pa kurudi ndo anayethubutu kwenda.

Aliyeanza kuliandika hili kwa kina ni daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Bowlby, aliyezaliwa London mwaka 1907. Yeye mwenyewe alilelewa zaidi na yaya kuliko mama yake, na yule yaya aliondoka yeye akiwa na miaka kama minne, akaja kusema uzeeni kwamba ilikuwa kama kufiwa na mama. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama baada ya vita, na baadae akatoa vitabu vitatu vikubwa juu ya mshikamano na kutengana na kufiwa. Lakini jambo ambalo napenda watu wa kwetu walijue, na huwa nasikitika halisemwi, ni kwamba utafiti wa kwanza wa kukaa majumbani na kuangalia watoto kwa jicho hilo haukufanyika Ulaya wala Marekani. Ulifanyika huku huku kwenye ziwa letu, upande wa kaskazini. Mama mmoja mwanasaikolojia, Mary Ainsworth, alikuja Kampala mwaka 1954, akatembelea familia 26 kwenye vijiji vya jirani na mji, watoto 28, anarudi kila baada ya wiki mbili hivi na mkalimani wake, anakaa anaongea na akina mama na kuangalia mtoto anafanya nini. Kitabu chake kilitoka 1967. Kwa hiyo mtu akikuambia haya ni mambo ya wazungu mwambie yalianza kuonekana kwa mama wa Kiganda amekaa mkekani na mtoto wake.

Unajua alichokuta? Nilipokisoma nilifunga kitabu. Mama ambaye mtoto wake alikuwa ametulia zaidi ni yule aliyeweza kumsimulia mtoto wake kwa undani, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, ameanza lini kucheka, anamwogopa nani. Yaani mama aliyekuwa ANAMWONA mtoto.

Baadae Ainsworth alihamia Baltimore kule Marekani akatengeneza jaribio la dakika kama ishirini, mama anatoka chumbani anamwacha mtoto, alafu anarudi. Na hapa nisikilize vizuri maana ndipo ulipo wewe. Kilichomwambia zaidi sio mtoto analiaje mama akitoka, ni anafanya nini mama AKIRUDI. Wapo waliomkimbilia mama wakanyamaza wakarudi kucheza. Wapo waliojifanya hawajamwona kabisa (hao nitawajia kwenye barua ya pili). Na wapo waliomng'ang'ania mama huku wanampiga mateke, wanataka kubebwa, wakibebwa wanajinyonga washuke, wakishushwa wanalia wabebwe. Hawa mara nyingi mama yao nyumbani huwa kuna siku anaitika na siku haitiki, mtoto hajui leo ni siku gani, kwa hiyo hawezi kuachia hata akiwa ameshikwa.

Binti yangu, rudia kusoma barua yako. Baba anakuja na soda siku mbili anapotea. Umeshikwa, hujui kesho utashikwa na nani. Ulijifunza kitu chenye akili kabisa kwa mtoto: nisisinzie, nikisinzia wataondoka. Leo una miaka 27 unaamka saa nane usiku kuhakikisha Mungu bado yupo. Hiyo sio roho ya kukataliwa imekaa ndani yako kama mpangaji, hiyo ni alama ya namna ulivyokataliwa kweli kweli, na hukufanya kosa lolote.

Sipingi maombezi, mimi mwenyewe naombewa na ninaombea watu. Ila nina neno kwa watumishi, na nalisema kwa uchungu: mtu akija kwenu na hofu ya kuachwa, mkamwombea kwa kelele dakika kumi, mkamwambia asipofunguliwa ni kwa sababu hana imani, alafu simu yake hampokei tena, mmemfanyia kile kile alichofanyiwa na baba yake. Mmekuja na soda.

Swali linalofuata nalijua maana kila nikiongea haya kanisani huwa naulizwa. Je ina maana Mungu ni kivuli cha baba na mama tu, tumejitungia? Hapana. Saikolojia inapima moyo wa mtu, haina kipimo cha kumpima Mungu. Mtu aliyekulia Ukara anaingia majini bila kufikiri, aliyekulia porini kabisa anasimama ufukweni magoti yanamtetemeka, na aliyewahi kusukumwa majini na kaka yake akiwa mdogo hata mvua kubwa inamtisha. Ziwa ni lile lile. Tofauti ni nani alikuingiza majini mara ya kwanza na alikushika vipi.

Wapo wataalamu waliochunguza jambo hili hili la imani. Lee Kirkpatrick wa Marekani alianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kusema kwamba kwa mwamini Mungu anakaa kwenye nafasi ile ile ya mama wa Mwaloni, ni wa kumkimbilia ukiogopa na ni wa kukupa ujasiri wa kutoka. Mwaka 2004 yeye na Pehr Granqvist wa Uswidi walikusanya tafiti nyingi za watu walivyookoka, wakaona kwamba wale waliobadilika ghafla, kwa kishindo, wengi zaidi walikuwa ni watu waliokumbuka malezi yasiyo na utulivu, na mara nyingi ilitokea wakiwa kwenye shida. Na imani ya watu wa namna hiyo ilikuwa inapanda na kushuka zaidi kuliko ya wengine. Mwanangu ni kama walikuwa wamesimama Furahisha wanakuandika. Kwa nini? Kwa sababu aliyekosa wa kumkimbilia duniani anamkimbilia Mungu kwa mbio kubwa kuliko wote, Zaburi 27 imesema wazi, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake." Hiyo mbio ni halali. Ila ukishafika kifuani pake, mwili wako unakumbuka soda na unaanza kuhesabu siku.

Sasa ufanye nini. Kwanza usiokoke mara ya tano. Nasema hivo kwa upendo, kila ukipita mbele upya unauambia moyo wako kwamba zile nne zilifutika, na hazikufutika. Ukiamka saa nane usianze na toba, anza na kusema ukweli ulivyo. Zaburi ya 13 inaanza hivi, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Angalia, mtunga zaburi anaogopa kufichwa USO. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Edward Tronick alimwomba mama aliyekuwa anacheza na mtoto wake mchanga aukaushe uso dakika chache tu, asicheke asijibu, na mtoto akaanza kutabasamu kwa nguvu kumrudisha mama, akanyoosha mikono, akapiga kelele, mwisho akageuza kichwa akanyong'onyea. Sisi kilio kile tunakiita kukosa imani, kumbe mtoto anayelia bado anaamini kuna mtu wa kusikia, wa kuogopewa ni yule aliyeacha kulia. Na Zaburi ya 88 ndo kabisa, inaishia gizani, haina haleluya mwishoni, na iko ndani ya Biblia hiyo hiyo unayolalia.

Pili, na hili nalisisitiza, tafuta mtu mmoja, sio mtumishi mwenye umati, mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yenu au wa maombi ya asubuhi, ambaye maisha yake yametulia na hana haraka. Mwombe mkutane siku ile ile saa ile ile kila wiki, hata nusu saa, mnywe chai. Msimulie maisha yako yote kwa mpangilio, Magu, Igoma, mazishi ya bibi, yote. Mary Main ambaye alikuwa mwanafunzi wa Ainsworth alitoa mwaka 1985 pamoja na wenzake utafiti wa mahojiano na wazazi juu ya utoto wao, wakakuta kinachomtabiri mtoto kutulia sio kwamba mzazi alikuwa na utoto mzuri, ni kwamba mzazi anaweza kuusimulia utoto wake, mzuri au mbaya, bila kuukimbia na bila kuzama ndani yake. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila ushuhuda wa kanisani kwetu una shida moja, lazima uishe kwa ushindi, nilikuwa hivi sasa niko vile, watu wapige makofi. Wewe unahitaji mtu wa kumsimulia ushuhuda ambao haujaisha.

Siku moja huyo mama atashindwa kuja, atakuwa na msiba au mgonjwa. Moyo wako utasema NILIJUA. Hapo ndo penyewe. Usikate mawasiliano, usimblok, mwambie wiki inayofuata "mama usipokuja niliogopa". Akirudi na mkayaongea umepata kitu ambacho hukuwahi kupata, kwamba mtu anaweza kukosekana na asiwe ameondoka. Moyo wako ukishakijua hicho kwa binadamu, utashangaa maombi ya saa nane yanavyobadilika yenyewe.

Na kama hofu inakuzuia kula au kulala au unawaza kujidhuru usisubiri barua yangu, nenda hospitali, pale Bugando kuna wataalamu wa afya ya akili, na kwenda huko sio kumsaliti Yesu.

*Bwana Yesu asifiwe dada. Mimi ni mzee wa kanisa, nina miaka 52. Sadaka natoa, fungu la kumi natoa, nikiombea watu hadharani wanabarikiwa, lakini mimi ndani kukavu kama mawe ya Bismarck. Tulimzika mtoto wetu wa pili miaka sita iliyopita, mke wangu alizimia, mimi nilihesabu michango na kupanga magari. Sikulia mpaka leo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne na watu walinisifia sana msibani kwamba huyu mtoto hasumbui. Mke wangu anasema niko mbali naye na niko mbali na Mungu. Mimi naona ni ukomavu. Nani yuko sahihi? – Mzee wa Nyegezi*

Amina kaka yangu, na pole kwa mtoto. Pole pia kwa mama yako, sijui kama kuna mtu aliwahi kukupa hiyo pole, maana wewe ulipewa sifa.

Nimesema hapo juu kuna watoto ambao mama akitoka chumbani hawalii na akirudi wanaendelea na midoli kana kwamba hajaingia mtu. Watu wakimwona wanasema mtoto huyu kalelewa vizuri, anajitegemea. Mwaka 1977 watafiti wawili, Sroufe na Waters, waliandika walivyopima mapigo ya moyo ya watoto kwenye jaribio hilo, na hawa waliotulia usoni moyo wao ulikuwa unakimbia kama wa wenzao wanaolia. Kaka, soma hilo mara mbili. Uso umetulia, moyo unakimbia. Mtoto amegundua kwamba akilia anapoteza hata kile kidogo anachopata, kwa hiyo anazima sauti ila moto hauzimiki.

Kwa hiyo nani yuko sahihi, wewe au mke wako? Mkeo, kwa sehemu kubwa, lakini asikuhukumu. Utaratibu wako wa maombi na sadaka umekushikilia miaka 48 na mimi sitaudharau, kuna watu wanalia kila ibada na hawajawahi kumpangia mtu gari la msiba. Ila umemjengea Mungu nyumba yenye sebule tu. Unamkaribisha, unamhudumia, hajawahi kuingia chumba cha ndani alikolala yule mtoto wa miaka minne. Yule kaka mkubwa wa Luka 15 hakuondoka nyumbani hata siku moja, anamwambia baba yake amemtumikia miaka yote hiyo na amri hajavunja, na bado alikuwa amesimama nje ya sherehe. Baba alitoka kumfuata na yeye pia, tunasahau, baba alitoka mara mbili siku ile.

Nisikupe kazi nyingi. Yohana 11 inasema Yesu akalia machozi, na alikuwa anajua kabisa anakwenda kumfufua Lazaro, hakulia kwa kukosa imani. Jioni moja mkiwa wawili tu, simu zimezimwa, mwambie mke wako kitu kimoja unachokumbuka kutoka siku ya mazishi. Kimoja. Jeneza lilikuwa na rangi gani, au uliposhika ule udongo ulikuwa na maji au mkavu. Usimweleze mafundisho, usimfariji, mweleze udongo. Machozi yasipokuja sawa tu. Miaka sita amekuwa anadhani alizika mtoto peke yake.

*Mama habari za kazi. Nafanya kazi kiwanda cha samaki, shifti za usiku, baba mtoto hayupo. Mtoto wangu wa miaka miwili nimempeleka kwa mama yangu Sengerema tangu Januari, naenda mwisho wa mwezi. Safari mbili zilizopita nikifika anajificha nyuma ya bibi yake ananichungulia tu. Mahubiri ya juzi mhubiri kasema mama anayeacha mtoto Mungu atamdai. Je nimeharibu mtoto? – Mama Junia*

Hujaharibu, mama Junia. Kuhusu hayo mahubiri nitasema kidogo tu. Anayesoma Isaya 49, "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye", asome mpaka mwisho wa mstari, Mungu anasema hata hao wakisahau yeye hasahau. Ule mstari ni mkono wa Mungu kwa watoto NA kwa akina mama waliobanwa, haukuandikwa uwe fimbo ya kumchapia mfanyakazi wa shifti ya usiku.

Alafu bibi sio pengo. Ainsworth alipokwenda Uganda alitaka kuangalia ile desturi ya zamani ya kumwachisha mtoto ziwa na kumpeleka kwa bibi, akakuta wengi walikuwa wameshaiacha, lakini alikuta pia watoto wanaoshikwa na watu wengi, shangazi, dada, bibi, na kushikwa na wengi peke yake hakukuwa ndo kunamwondolea mtoto utulivu. Mtoto anaweza kuwa na zaidi ya mmoja wa kumkimbilia. Kama mama yako anamwona yule mtoto, anajua analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, basi Junia ana ardhi ya kukanyagia. Kinachoumiza ni kuhamishwa hamishwa kama yule binti wa Buhongwa, kwa hiyo kama unaweza, asitoke kwa bibi kwenda kwa mwingine tena mpaka siku atakayorudi kwako.

Hata mama anayeshinda na mtoto siku nzima wanapishana mara nyingi tu, Tronick huyo huyo aliyafuatilia hayo kwa undani, mtoto anataka hiki mama anampa kile, na kinachomjenga mtoto ni kwamba wanapishana alafu wanapatana tena. Wewe kupishana kwenu ni kwa mwezi mzima, ni kurefu, kwa hiyo kupatana nako kunataka muda. Mpigie kila siku saa ile ile kabla hujaingia shifti, hata kama anaangalia simu kimya, mwimbie wimbo mmoja huo huo. Zawadi isiwe kubwa. Acha kwa bibi kanga yako uliyoivaa, isiyofuliwa.

Na kujificha nyuma ya bibi sio lazima iwe amekusahau, huenda anakukumbuka na ndo maana anakuchungulia. Kwa hiyo mwisho wa mwezi ukivuka Kamanga ukafika nyumbani, usimvute, usiseme "njoo kwa mama wewe", na wala usiende jikoni kulia. Salimia mama yako, kaa chini kwenye mkeka hatua mbili kutoka alipo, toa chungwa, anza kulimenya polepole, ule wimbo wa kwenye simu uimbe kwa sauti ndogo. Atachungulia. Kipande cha kwanza kiweke mkekani katikati yenu, usimwangalie anapokuja kukichukua.